Muda wa kungoja mimba: historia ya hesabu moja na ya hukumu iliyoambatana nayo

0. Utangulizi

Kiswahili kina maneno makali kwa mtu asiyezaa. Mwanamke huitwa tasa. Mtu asiyejaliwa mtoto huitwa mgumba. Na hali zenyewe ni utasa na ugumba. Maneno hayo yote hutaja mwisho wa jambo, kana kwamba mlango umekwisha kufungwa. Kwa yule ambaye bado anangoja, lugha haina jina la pekee: husemwa tu kwamba amekawia, au kwamba Mungu hajamjalia. Hata hivyo kila mtu aliyeitwa tasa aliwahi kwanza kuwa mtu anayengoja, na palikuwa na siku ambayo wakwe, majirani au mganga waliacha kusema «bado» wakaanza kusema «tasa».

Siku hiyo ifike baada ya muda gani? Jamii nyingi zimelijibu swali hilo kwa desturi. Katika sehemu nyingi za Kongo mke asiyezaa huweza kurudishwa kwao na mahari kudaiwa, au mume huoa mke wa pili, na mara nyingi hayo hutendeka bila mtu yeyote kuchunguza kama shida iko upande wa mke au wa mume. Tangu mwaka 1924 wataalamu wa takwimu nao wamejaribu kulijibu kwa njia yao, yaani kwa kuhesabu miezi. Historia ya hesabu hiyo haifahamiki sana nje ya vyuo vya demografia, ingawa Kongo ina nafasi ndani yake.

Makala haya yanaeleza jinsi hesabu hiyo ilivyozaliwa, jinsi ilivyokua, na jinsi inavyoangaza historia ya uzazi nchini Kongo. Hoja yake kuu ni kwamba hesabu ya kungoja ilizaliwa katika hofu ya mataifa kupungua, lakini matokeo yake yaliwatetea wale ambao hofu hiyo iliwahukumu. Ilionyesha kwamba kukawia na kutozaa ni mambo mawili mbalimbali, na ikatoa njia ya kuyatenganisha.

1. Toronto, mwaka 1924

Mwezi wa Agosti 1924 wanahisabati wa mataifa mengi walikutana katika mji wa Toronto nchini Kanada. Miongoni mwao alikuwako Corrado Gini, mwanatakwimu wa Italia aliyezaliwa mwaka 1884. Jina lake lilikuwa limekwisha kujulikana kwa sababu ya kipimo alichokitunga mwaka 1912, ambacho hadi leo hutumika kupima tofauti ya mapato kati ya matajiri na maskini. Huko Toronto Gini alitoa hotuba fupi juu ya jambo jingine kabisa: uwezo wa mwanamke wa kushika mimba, ukipimwa mwezi kwa mwezi.

Wazo lake lilikuwa jepesi, lakini halikuwa limetamkwa hivyo kabla yake. Mwanamke aliyeolewa, asiyetumia njia yoyote ya kuzuia mimba, na asiye mjamzito, huwa kila mwezi na uwezekano fulani wa kushika mimba. Uwezekano huo si hakika, wala si sifuri. Ni sehemu fulani iliyo kati ya viwili hivyo. Gini aliutungia jina lake mwenyewe, na wanademografia wa lugha za Ulaya wanalitumia mpaka sasa. Katika makala haya utaitwa «uwezekano wa mwezi».

Ili kuukadiria, Gini alitazama jinsi wazaliwa wa kwanza wanavyotawanyika katika miezi inayofuata ndoa. Ikiwa katika ndoa nyingi zilizofungwa pamoja sehemu fulani hupata mimba katika mwezi wa kwanza, na sehemu nyingine katika mwezi wa pili, basi kutokana na hesabu hizo mtu anaweza kujua uwezekano ulivyo, na pia kama ndoa zote zinafanana. Gini alitambua mapema kwamba hazifanani.

Haifai kusahau mazingira ya wazo hilo. Gini hakuwa mtu asiyejali siasa. Katika kitabu chake cha mwaka 1912 alifundisha kwamba mataifa huzaliwa, hukua na kuzeeka kama watu, na kwamba kupungua kwa uzazi ni dalili ya uzee wa taifa. Mwaka 1926 alikuwa mkuu wa kwanza wa ofisi kuu ya takwimu ya Italia, wakati wa utawala wa Mussolini, na mwaka 1927 alichapisha maandishi ya kutetea misingi ya ufashisti. Kwa hiyo hesabu ya uwezekano wa mwezi ilikuwa, tangu mwanzo, chombo mkononi mwa watu walioogopa kwamba taifa lao lingepungukiwa na watoto. Vilevile, katika kichwa cha hotuba yake uwezo uliopimwa ulitajwa kuwa wa mwanamke peke yake, ingawa mimba ni kazi ya watu wawili. Neno hilo moja liliacha alama ndefu.

2. Wanaongoja hawafanani

Ili kufahamu kwa nini wazo la Gini lilikuwa na nguvu, inafaa kutazama mfano wa hesabu tupu. Ziwepo ndoa 1,000, na kila moja iwe na uwezekano wa mwezi wa 25 kwa 100, yaani robo. Katika mwezi wa kwanza mimba 250 hutungwa, na ndoa 750 hubaki. Katika mwezi wa pili robo ya hizo 750 hupata mimba, na kadhalika. Mwishoni mwa mwaka hubaki ndoa 32 tu zisizo na mimba. Kwa wastani kila ndoa hungoja miezi 4.

Mfano wa pili una ndoa 1,000 vilevile, lakini zimegawanyika sawasawa katika mafungu mawili. Ndoa 500 ni za haraka, nazo zina uwezekano wa mwezi wa 40 kwa 100. Ndoa 500 ni za polepole, nazo zina uwezekano wa 10 kwa 100. Katika mwezi wa kwanza fungu la haraka hutoa mimba 200 na fungu la polepole hutoa 50. Jumla ni 250, sawa kabisa na mfano wa kwanza. Mtu anayehesabu mwezi mmoja tu hawezi kutofautisha vijiji hivi viwili.

Lakini tangu mwezi wa pili mambo hubadilika. Miongoni mwa ndoa 750 zilizobaki, 300 ni za haraka na 450 ni za polepole. Kila mwezi unaopita huwaondoa walio wa haraka kwa wingi zaidi, na kundi linalobaki huzidi kuwa la walio wa polepole. Baada ya mwaka mmoja hubaki ndoa 142, si 32, na karibu zote ni za polepole. Wastani wa kungoja si miezi 4 tena, bali miezi 6 na robo, ingawa wastani wa uwezekano wa mwezi wa kwanza ulikuwa ule ule.

Jambo la kutilia maanani ni hali ya ndoa hizo 142. Mtu anayezitazama kutoka nje huona watu waliokaa mwaka mzima bila mimba, na huenda akawaita wagumba. Kumbe hakuna hata ndoa moja kati yao iliyofungiwa mlango. Kila mwezi mmoja katika kumi kati yao hupata mimba, na mwaka wa pili ukiisha, ndoa 102 zitakuwa zimepata. Wahenga husema subira yavuta heri. Hesabu hii inaonyesha ni kwa kadiri gani, na kwa nani.

Kwa hiyo kupungua kwa mimba kadiri miezi inavyopita si lazima kuwe dalili ya kwamba miili inachakaa au kwamba mkosi umeingia nyumbani. Hutokea pia kwa sababu ya mchujo tu: walio haraka huondoka kwanza. Tofauti hiyo kati ya mabadiliko ya mtu na mabadiliko ya kundi ndiyo mzizi wa elimu yote iliyofuata.

3. Vitabu vya parokia na kalamu ya Louis Henry

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia swali la Gini lilichukuliwa na Mfaransa Louis Henry, aliyeishi kati ya mwaka 1911 na 1991. Henry alifanya kazi katika taasisi ya Ufaransa ya uchunguzi wa demografia iliyoanzishwa mwaka 1945. Mwaka 1953 alichapisha makala juu ya misingi ya kupima uzazi wa asili, yaani uzazi wa watu wasiopanga idadi ya watoto wao. Humo alionyesha kwamba uzazi wa maisha yote ya mwanamke unaweza kujengwa kwa vipande vichache: muda wa kungoja mimba, muda wa ujauzito, muda wa kupumzika baada ya kuzaa hasa wakati wa kunyonyesha, na umri ambao uwezo wa kuzaa unakoma.

Henry alihitaji takwimu za watu ambao hawakujua mbinu za kuzuia mimba. Alizipata kwa wafu. Pamoja na Étienne Gautier alifungua vitabu vya parokia ya Crulai, kijiji cha Normandie, na matokeo yakachapishwa mwaka 1958. Katika vitabu hivyo mapadre wa karne ya 17 na ya 18 walikuwa wameandika tarehe ya kila ndoa, ya kila ubatizo na ya kila maziko. Kwa kuunganisha tarehe hizo, mtafiti aliweza kujua ni miezi mingapi ilipita kati ya arusi na mtoto wa kwanza, katika familia ambazo hakuna mtu aliyezikumbuka tena. Wakulima ambao hawakuacha barua wala picha waliacha muda wao wa kungoja.

Njia hiyo ilikuwa na sharti moja: pawepo maandishi yenye tarehe. Mahali ambapo ndoa haifungwi siku moja bali hukamilika hatua kwa hatua, tangu posa hadi mahari ya mwisho, na mahali ambapo kuzaliwa hakuandikwi, kalamu ya Henry haikuwa na wino. Kongo ilikuwa mahali pa namna hiyo.

4. Mindel Sheps: kuhesabu waliobaki

Mtu aliyeipa nadharia hii umbo lake kamili alikuwa daktari. Mindel Sheps alizaliwa Winnipeg nchini Kanada mwaka 1913. Kabla ya kugeukia takwimu alikuwa tabibu, na mwaka 1944 alikuwa katibu wa tume iliyochunguza huduma za afya katika mkoa wa Saskatchewan, mkoa ambao baadaye uliitangulia Kanada nzima katika bima ya matibabu kwa wote. Mwaka 1958 aliandika makala fupi iliyopata sifa, ambayo kichwa chake kiliuliza kama inafaa kuhesabu walio hai au waliokufa. Alionyesha kwamba mtu anayepima faida ya dawa hupata jibu moja akihesabu waliopona, na jibu jingine akihesabu waliokufa, ingawa wagonjwa ni wale wale.

Mwaka 1964 alilipeleka swali la namna hiyo kwenye mimba, katika makala iliyohusu muda unaohitajika ili mimba itungwe. Mwaka huo huo na katika jarida hilo hilo, Population Studies, Robert Potter na Mary Parker nao walichapisha njia ya kutabiri muda wa kungoja, wakikubali kwamba kila ndoa ina uwezekano wake na kwamba nyingi hukusanyika katikati, chache zikiwa pembeni. Sheps alithibitisha kwa hisabati jambo lililoonyeshwa katika mfano wa ndoa 1,000: wastani wa kungoja hauamuliwi na wastani wa kawaida wa uwezekano, bali huvutwa na wale walio wa polepole. Wachache wenye uwezekano mdogo hurefusha hesabu ya wote.

Alionyesha pia mpaka wa hesabu yenyewe. Ikiwa katika kundi wamo hata wachache ambao uwezekano wao ni sifuri, basi wastani wa kungoja wa kundi zima hauna maana tena, kwa kuwa wapo wasiofika mwisho wa kungoja. Hapo budi maswali mawili yatenganishwe: ni sehemu gani ya watu ambao hawatapata mimba kamwe, na wale watakaopata watangoja kwa muda gani? Kuyachanganya ni kuwapa walio wa polepole jina la wasiozaa, na kuwapa wasiozaa tumaini la walio wa polepole.

Kitabu kikubwa alichokiandika pamoja na Jane Menken juu ya vielelezo vya hisabati vya mimba na uzazi kilichapishwa Chicago mwaka 1973, mwaka ule ule Sheps alipofariki.

5. Nani alihesabiwa?

Wakati wataalamu wa nadharia wakijenga, madaktari walikuwa wakikusanya. Mwaka 1956 Alan Guttmacher wa Marekani alichapisha takwimu za wanawake 5,574 wa Uingereza na Marekani. Kati yao 57 kwa 100 walikuwa wameshika mimba ndani ya miezi 3, 72 kwa 100 ndani ya miezi 6, 85 kwa 100 ndani ya mwaka mmoja, na 93 kwa 100 ndani ya miaka miwili.

Takwimu hizo zinathibitisha hoja ya mchujo. Kama wanawake wote wangekuwa na uwezekano mmoja, wale 43 kwa 100 waliobaki baada ya miezi 3 wangepunguzwa kwa kiasi kile kile kila miezi 3, na mwishoni mwa mwaka wangebaki 3 tu kwa 100. Lakini walibaki 15. Na kati ya hao 15, zaidi ya nusu walishika mimba katika mwaka wa pili. Madaktari wengi wameutumia uchunguzi huu kuweka kipimo cha mwaka mmoja kabla ya kuanza matibabu.

Lakini pana kasoro ambayo msomaji mwepesi haioni. Wanawake wote 5,574 walikuwa watu ambao hatimaye walishika mimba. Wale ambao hawakushika kamwe hawakuwamo. Ni kama kusimama kwenye mlango wa kanisa na kuwauliza waliofika Misa walitumia muda gani njiani, bila kuwauliza waliokwama mtoni. Jibu litakuwa sahihi kwa waliofika, lakini halitasema lolote juu ya mto. Tangu hapo wanatakwimu wamejifunza kuuliza kwanza: ni nani aliyeingia katika hesabu, na ni nani aliyeachwa nje?

Kuanzia miaka ya 1980 hesabu hii iligeuka kuwa chombo cha afya ya jamii. Mwaka 1985 Donna Baird na Allen Wilcox walionyesha kwamba wanawake wavutao sigara hukawia zaidi kushika mimba. Na mwaka 1986 Clarice Weinberg na Beth Gladen walieleza jinsi ya kulinganisha makundi mawili ya wanaongoja huku tofauti za ndoa na ndoa zikizingatiwa. Mwaka 1995 Wilcox, Weinberg na Baird walionyesha, kwa kuwafuata wanawake 221, kwamba mimba hutungwa katika siku 6 tu za mwezi, siku ya mwisho ikiwa ile ya yai kupevuka. Maana yake kwa nchi ya migodi kama Katanga ni wazi: mume anayekaa mbali kwa kazi na kurudi nyumbani mara chache huweza kuzikosa siku hizo mwezi baada ya mwezi. Ndoa hiyo itaonekana kuwa na ugumba, kumbe ina safari tu.

6. Kongo: walipohesabiwa wasiozaa

Huko nyuma, wakati Gini anasema Toronto, watawala wa Kongo ya Wabelgiji walikuwa na hofu iliyofanana na yake. Utawala wa Leopold, kazi za shuruti za mpira, malale na magonjwa mengine vilikuwa vimewamaliza watu wengi, na mwaka 1919 tume rasmi iliyowekwa kuwalinda wenyeji ilikuwa imekiri kwamba idadi ya watu ilipungua kwa nusu. Makampuni yalitaka wafanyakazi, serikali ilitaka walipa kodi, na misioni ilitaka Wakristo. Hofu hiyo ilikuwa kubwa zaidi katika mkoa wa Équateur, kwa Wamongo, na kaskazini katika nchi ya Uele, ambako nyumba zisizo na watoto zilikuwa nyingi. Mapadre, madaktari na maofisa waliandika mengi kueleza sababu. Wengine walilaumu ndoa za wake wengi, wengine utoaji mimba, wengine wakadai kwamba taifa zima lilikuwa limechoka kuishi. Sehemu kubwa ya lawama iliwaangukia wanawake. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt, katika kitabu alichokichapisha mwaka 2016 juu ya eneo hilo, ameonyesha jinsi jeraha la enzi ya mpira, utafutaji wa dawa na wasiwasi wa serikali vilivyoshikamana.

Kati ya mwaka 1955 na 1957 serikali ilifanya uchunguzi mkubwa wa idadi ya watu. Karibu sehemu ya kumi ya wananchi, yaani zaidi ya watu milioni moja, walihojiwa, na wanawake waliulizwa wamezaa watoto wangapi. Anatole Romaniuk, mwanademografia mzaliwa wa Ukraine aliyefanya kazi katika huduma ya demografia ya Kongo, aliyachambua majibu hayo katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya uzazi wa watu wa Kongo, na katika kitabu cha pamoja kuhusu demografia ya Afrika ya joto kilichotoka Princeton mwaka 1968. Ramani iliyopatikana ilikuwa ya kushangaza. Katika vilima vya Kivu wanawake walizaa sana. Katika Uele na Tshuapa wengi walifikia uzee bila mtoto hata mmoja.

Je, watu wa Uele na Tshuapa walikuwa wa polepole tu? Miezi ya kungoja haikuandikwa, hivyo njia ya Crulai haikuwezekana. Lakini nadharia ya kungoja inatoa njia nyingine. Iwapo ndoa ina uwezekano mdogo sana, tuseme 2 tu kwa 100 kila mwezi, baada ya mwaka mmoja ndoa 78 kati ya 100 za namna hiyo hazitakuwa na mimba, na kijiji kitawaita wote wagumba. Baada ya miaka 10 watabaki karibu 9. Lakini baada ya miaka 25, yaani miezi 300, hawatazidi 2 au 3 katika 1,000. Muda ukiwa mrefu vya kutosha, ukawiaji hujiondoa wenyewe katika hesabu. Kwa hiyo, katika nchi ambayo wanawake huolewa mapema na hawazuii mimba, wingi wa wanawake wa miaka 45 na zaidi wasio na mtoto hauwezi kuelezwa kwa ukawiaji, wala kwa uvivu, wala kwa mume kugawanya usiku wake kati ya wake kadhaa. Palikuwa na kitu kilichofunga mlango.

Uchambuzi wa Romaniuk ulielekeza kwenye magonjwa ya zinaa, hasa kisonono, ambacho huziba mirija ya uzazi ya mwanamke na huweza kuharibu pia njia za mbegu za mwanamume. Uchunguzi uliofanywa na wengine katika nchi jirani ulikubaliana naye. Daktari Anne Retel-Laurentin, aliyekaa kwa muda mrefu na Wanzakara wa Afrika ya Kati, alifikia katika kitabu chake cha mwaka 1974 hitimisho linalofanana: ugonjwa ndio uliokuwa chanzo, na kuvunjika kwa ndoa kulitokana nao mara nyingi, kisha nako kukaueneza. Mke asiyezaa aliachwa, akaolewa kwingine, na maambukizo yakasafiri naye au yakamngoja huko alikokwenda. Hukumu ya ugumba ilizaa ugumba mwingine.

Ushahidi wa mwisho ulikuja na dawa. Baada ya vita penisilini na dawa zilizoifuata zilienea hadi zahanati za vijijini. Kama maneno ya taifa lililochoka kuishi yangekuwa kweli, dawa ya sindano isingefaa kitu. Lakini mwaka 1980 Romaniuk alionyesha, kwa kulinganisha takwimu za miaka ya 1950 na zile za Zaire ya miaka ya 1970, kwamba uzazi ulikuwa umepanda, wasiozaa wamepungua, na nafasi kati ya mtoto na mtoto imefupika. Wanawake waliolaumiwa hawakuwa wamebadilisha utashi wao. Walikuwa wametibiwa, wao au waume zao. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013–2014 ulikuta kwamba mwanamke wa Kongo huzaa kwa wastani watoto 6.6.

7. Hitimisho

Wingi huo wa watoto haujafuta swali la mwanzo. Katika nchi ambako karibu kila nyumba ina watoto, anayengoja huwa mpweke zaidi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miezi 12 kabla ya kuuita ukosefu wa mimba kuwa ni ugonjwa wa kuchunguzwa, na mwaka 2023 lilikadiria kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya sita duniani hupatwa na hali hiyo wakati fulani maishani. Wanademografia, kwa upande wao, mara nyingi hutumia miaka 5. Tofauti ya vipimo hivyo si ugomvi wa wataalamu. Daktari huuliza ni lini aanze kusaidia, hivyo huchagua muda mfupi. Mwanademografia huuliza ni lini awaandike watu kuwa hawazai, hivyo huchagua muda mrefu. Makosa huja pale mpaka wa kuanza kusaidia unapogeuzwa kuwa mpaka wa kuhukumu.

Historia iliyosimuliwa hapa ina mafunzo matatu. La kwanza ni kwamba uwezekano wa mwezi si mali ya mwanamke, ijapokuwa Gini aliuita hivyo. Ni wa watu wawili pamoja, na uchunguzi wowote unaoanza kwa mke bila kumpima mume umeacha nusu ya hesabu. La pili ni kwamba mwaka mmoja wa kungoja hauthibitishi chochote isipokuwa haja ya kwenda hospitali. Wengi wa wanaobaki ni wa polepole tu. La tatu ni kwamba pale ambapo mlango umefungwa kweli, Kongo imeonyesha kwamba mara nyingi uliofunga ni ugonjwa unaoweza kuzuiwa na kutibiwa mapema, si mkosi wala laana ya ukoo.

Kiswahili hakikosi njia ya kulitamka hilo. Tayari kinatofautisha kati ya kukawia na kukosa, kati ya bado na hapana. Kinachobaki ni kwa wale wanaolitumia neno tasa, nyumbani, barazani na hata katika zahanati, kukumbuka kwamba neno hilo linadai ushahidi wa muda mrefu, na kwamba neno «bado» kwa wengi wa wanaongoja ndilo lililo karibu zaidi na ukweli.